Mjamzito mwenye lupasi: kwa nini sukari yake ipimwe na mchana pia

Ujumbe mmoja ulitufikia kutoka upande wa Saadani baada ya kipindi cha afya ya mama na mtoto. Aliyeandika ana mimba ya miezi minne na ana ugonjwa wa lupasi. Kila asubuhi anameza vidonge vya prednisoloni alivyoandikiwa hospitali. Sasa jirani amemwambia kuwa vidonge hivyo vinaleta kisukari na vitamdhuru mtoto tumboni, naye anataka kujua kama aviache.

Jibu la haraka ni hili: asiviache. Jirani hajakosea kabisa, maana prednisoloni kweli hupandisha sukari kwenye damu. Lakini kuikatiza dawa hiyo ghafla ni hatari kubwa, wakati sukari ni kitu kinachopimika na kutibika. Hewani hatuna nafasi ya kueleza yote haya kati ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo, ndiyo maana tumeyaandika hapa uyasome taratibu, na umsomee mwenzio asiye na simu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe

Mwili wa binadamu una askari wake wa kupambana na vijidudu. Kwa mtu mwenye lupasi, askari hao hugeuka wakaushambulia mwili wenyewe: viungo, ngozi, figo, damu, wakati mwingine hata moyo na ubongo. Hauambukizi. Huupati kwa kula naye sahani moja wala kulala naye kitanda kimoja. Katika kila wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake, na wengi huanza kuumwa katika umri uleule wa kuzaa. Tafiti za Marekani na Uingereza zimeonyesha pia kuwa wanawake wenye asili ya Afrika huupata zaidi kuliko wanawake wa Kizungu, na kwao huwa mkali zaidi.

Shida ya lupasi ni kwamba inajificha nyuma ya magonjwa mengine. Viungo vinauma na kukaza asubuhi, uchovu hauishi, homa inarudi na kipimo cha malaria kinasema hakuna. Vinatokea vidonda mdomoni, nywele zinanyonyoka, na mashavuni unakaa wekundu au weusi unaovuka pua, mfano wa kipepeo aliyetandaza mbawa. Jua huuchochea. Anayeshinda kwenye mashamba ya chumvi au anayeanika dagaa ufukweni mchana kutwa anaweza kuugua zaidi bila kujua sababu ni lile jua.

Huku kwetu pwani mgonjwa wa namna hii huzungushwa sana kabla hajajulikana anaumwa nini. Atatibiwa malaria mara nyingi, ataambiwa ni baridi yabisi, majirani watanong'ona kuhusu ukimwi kwa sababu amekonda, na nyumbani watasema ana jini. Hatumcheki mtu hapa, kwani hata hospitali kuutambua kunahitaji kuunganisha dalili na vipimo vya damu na vya mkojo. Kwenye karatasi zako jina litakuwa limeandikwa lupus, au herufi tatu tu, SLE. Zitunze karatasi hizo, mahali pasipofika maji wala panya, maana kliniki ya wajawazito utazihitaji.

Sukari inapandaje kwa mjamzito

Hili linamhusu kila mjamzito, mwenye lupasi na asiye nayo. Sukari tunayoipata kwenye chakula husafiri kwenye damu, na ili iingie katika misuli ikafanye kazi inahitaji insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho. Mimba inapofika katikati, kondo la nyuma hutoa homoni zake ambazo huufanya mwili wa mama uwe mzito kuisikia insulini. Mwili unafanya hivyo kwa makusudi ili mtoto asikose chakula. Kwa wanawake wengi kongosho huongeza bidii na mambo huenda sawa. Likielemewa, sukari hubaki kwenye damu, na hapo ndipo tunasema mama ana kisukari cha ujauzito. Mara nyingi hutafutwa kati ya wiki ya 24 na ya 28.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliopima wajawazito wa mjini na wa vijijini hapa Tanzania, ulikuta kisukari cha ujauzito kwa wanawake kama 8 katika kila 100 mjini, na kwa mmoja tu katika kila 100 vijijini. Namba hiyo ya kijijini inafurahisha, ila tunaiogopa kidogo. Ugonjwa unaoonekana ni wa mjini hautafutwi kijijini. Na mwanamke wa Saadani, Matipwili au Mkwaja anayemeza prednisoloni kila siku hayumo katika hesabu ya wenzake wanaolima na kutembea siku nzima bila dawa yoyote. Yeye ana hesabu yake.

Kuhusu lupasi yenyewe, watafiti waliojumlisha matokeo ya tafiti za nchi mbalimbali wameona kuwa ugonjwa peke yake hauongezi sana kisukari cha ujauzito. Kinachoongeza ni dawa za jamii ya steroidi, na prednisoloni ndiyo inayotumika zaidi. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: unameza kiasi gani, na kwa muda gani?

Steroidi hizi zina uhusiano na wajawazito tangu mwanzo. Daktari Mmarekani, Philip Hench, aliyefanya kazi katika kliniki ya Mayo, aligundua kuwa baadhi ya wanawake wenye ugonjwa wa kuvimba viungo hupata nafuu wakibeba mimba. Akaamini kuna kitu mwilini kinachoutuliza ugonjwa ule. Mwaka 1948 yeye na wenzake walimpa mgonjwa wa kwanza kotisoni, na mama yule aliyekuwa hawezi kujiinua akatembea baada ya siku chache. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Prednisoloni ni ndugu wa kotisoni, aliyekuja baadaye, mwenye nguvu zaidi.

Dawa hii inaiga homoni ambayo mwili huitoa wakati wa hatari. Ukikimbizwa na nyati pale hifadhini, homoni hiyo huliamuru ini lifungue ghala la sukari ili upate nguvu za kukimbia. Anayemeza prednisoloni kila siku ghala lake linafunguliwa kila siku, ingawa hakuna nyati. Misuli nayo inakuwa mizito kuisikia insulini, na hamu ya kula inaongezeka. Weka juu yake homoni za kondo la nyuma, kongosho lina mizigo miwili kichwani kwa wakati mmoja.

Vidonge vingi vya prednisoloni vinavyopatikana kwetu ni vya miligramu 5 kila kimoja, kwa hiyo kimoja kwa siku ni miligramu 5 na vinne ni miligramu 20. Wakati wa mimba madaktari hujitahidi mama asivuke miligramu 7.5 kwa siku kama ugonjwa umetulia, ila ukilipuka wanaweza kulazimika kupandisha hadi 20 au zaidi kwa muda. Kadiri vidonge vinavyoongezeka ndivyo sukari inavyohitaji kuangaliwa kwa karibu. Hesabu vidonge vyako, uijue namba yako, uweze kuitaja.

Saa ya kupima

Hili ndilo tulilotaka hasa lisikike. Ukimeza prednisoloni asubuhi, sukari haipandi saa ile ile. Huanza kupanda kuelekea adhuhuri, ikafika juu mchana na jioni, halafu usiku ikashuka. Kufikia alfajiri inaweza kuwa imerudi mahali pake kabisa.

Sasa angalia kliniki zetu zinavyokwenda. Mama anaamka saa kumi na moja, anapanda bodaboda au anatembea, anafika bila kula kwa sababu aliambiwa asile, anatobolewa kidole saa tatu asubuhi. Mashine inaonyesha namba nzuri. Anaambiwa huna tatizo, anarudi nyumbani akiwa na furaha, na saa tisa mchana, baada ya ugali, sukari yake iko juu na hakuna anayeiona. Nesi hajakosea na mashine si mbovu, ila kipimo kilichukuliwa saa ambayo dawa imelala.

Kwa hiyo mjamzito anayemeza prednisoloni aombe kupimwa pia baada ya chakula cha mchana, saa moja au mbili baada ya kuanza kula. Ikiwa kuna mashine ya kutoboa kidole katika familia au kwa jirani mwenye kisukari, anaweza kupima nyumbani kwa siku kadhaa, ilimradi kila mtu atumie sindano yake mpya na vijiti visiwe vimepitwa na wakati. Andika kwenye daftari: tarehe, saa, ulichokula, namba uliyoona. Daftari la siku saba lina faida kwa daktari kuliko maelezo marefu.

Namba zinazolengwa kwa mwenye kisukari cha ujauzito ni hizi: kabla ya kula asubuhi iwe chini ya 5.3, saa moja baada ya kula iwe chini ya 7.8, na saa mbili baada ya kula iwe chini ya 6.7. Ukiona zinavuka mara kwa mara, usisubiri tarehe ya kliniki ijayo.

Kipimo kamili cha kutambua ugonjwa huu hufanywa kwa kunywa maji yaliyochanganywa gramu 75 za glukosi baada ya kulala bila kula, kisha damu hupimwa kabla ya kunywa, baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, namba moja tu ikifika kiwango inatosha kusema mama ana kisukari cha ujauzito: 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili. Kipimo hiki si cha kila zahanati, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga safari. Kwa mama mwenye lupasi anayetumia steroidi ni vizuri sukari ianze kuangaliwa tangu hudhurio la kwanza, irudiwe wiki ya 24 hadi 28, na irudiwe tena kila dozi inapopandishwa.

Wengine watasema: mbona kliniki wananipima mkojo? Mkojo unapimwa, na ni lazima upimwe, hasa kutafuta protini inayoonyesha figo zinaumia au kifafa cha mimba kinakuja. Lakini kwa sukari mkojo hautoshi. Sukari inaweza kuwa juu kwenye damu na isionekane kwenye mkojo, na inaweza kuonekana kwenye mkojo wa mjamzito asiye na kisukari.

Usiache dawa, sema unayo

Turudi kwenye ushauri wa jirani. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza homoni ile ya asili tuliyoitaja. Mtu akimeza prednisoloni kwa wiki kadhaa, tezi hizo huona kazi imefanywa na mwingine, nazo husinzia. Ukiacha vidonge ghafla, tezi haziamki siku hiyo hiyo. Mama anaweza kuishiwa nguvu, akatapika, presha ikaanguka, hata akafa. Na lupasi iliyokuwa imetulizwa inaweza kulipuka ikaenda kwenye figo, jambo linalohatarisha mimba kuliko namba ya sukari. Kupunguza kunawezekana, ila hupunguzwa na daktari, kidogo kidogo, kwa kalenda.

Kwa sababu hiyo hiyo, mama anayetapika sana katika miezi ya mwanzo mpaka vidonge havikai tumboni aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na siku ya uchungu awaambie wakunga mapema kuwa anatumia steroidi kila siku, maana mwili wake unaweza kuhitaji nyongeza ya sindano wakati wa kujifungua.

Kuhusu mtoto, habari ni njema kuliko wengi wanavyodhani. Kondo la nyuma huivunja sehemu kubwa ya prednisoloni kabla haijamfikia. Inayopita ni kama sehemu moja katika kumi. Deksamethasoni haivunjwi hivyo. Yenyewe humfikia mtoto moja kwa moja, ndiyo maana madaktari huichagua kukomaza mapafu ya mtoto anayetarajiwa kuzaliwa kabla ya wakati. Kwa hiyo ukikosa prednisoloni usikubali muuza duka la dawa akubadilishie na ile nyingine kwa maelezo kwamba ni zilezile. Na ikiwa hospitali wamekuchoma sindano za kukomaza mapafu, tegemea sukari kupanda kwa siku kadhaa. Waombe wakupime siku hizo zote.

Tuseme na hili, kwa sababu tunaliona mitaani. Vidonge vya jamii hii vinauzwa kwa siri kama dawa ya kunenepa. Uso unakuwa wa mviringo, mashavu yanajaa, watu wanasifu kwamba fulani amenawiri. Uso ule ni maji na mafuta ya steroidi. Kama umewahi kutumia vidonge hivyo, hata kama huna lupasi, mwambie mkunga. Hatakukamata.

Dawa nyingine ya lupasi ambayo wajawazito huiogopa bure ni haidroksiklorokwini. Jina lina klorokwini ndani yake, na kweli ni ndugu yake yule wa zamani aliyekuwa akiwasha watu mwili mzima, ambaye Tanzania ilimwacha mwaka 2001 kama dawa ya kwanza ya malaria. Hii inaendelea kutumika wakati wa mimba. Hupunguza milipuko ya lupasi, na kwa kufanya hivyo humsaidia daktari kushusha vidonge vya prednisoloni. Sukari haiipandishi. Kinyume chake, zipo dawa za lupasi ambazo hazitakiwi kabisa kwa mimba, kama methotreksati, mikofenolati na saiklofosfamaidi. Hizo hubadilishwa kabla ya kushika mimba, na aliyeshika mimba akiwa anazitumia aende kwa daktari wake mara moja.

Jambo la mwisho la dawa ni SP, vile vidonge vya kuzuia malaria vinavyogawiwa kliniki. SP ina salfa, na dawa za salfa huweza kuamsha lupasi kwa baadhi ya wagonjwa. Usivikatae kimyakimya ukavitupa njiani, maana malaria kwa mjamzito ni hatari na mbu wa bonde la Wami hawana huruma. Sema: nina lupasi. Mtaalamu ataamua njia ya kukukinga. Na chandarua kiwe kitandani kila usiku kwa vyovyote vile.

Sentensi moja basi ya kusema unapokaa mbele ya nesi, kila mara, hata kama ni yuleyule wa mwezi uliopita: nina lupasi, nameza prednisoloni miligramu kadhaa kila siku, naomba sukari yangu ipimwe na baada ya kula. Omba iandikwe juu ya kadi yako ya kliniki. Siku ukifikishwa hospitali nyingine usiku, kadi itasema hata kama wewe huwezi.

Chakula cha huku kwetu

Kuna ushauri wa lishe unaoandikwa kwa watu wa mjini wenye friji na supamaketi, nao haufai Saadani. Habari nzuri ni kwamba nusu ya chakula kinachofaa kinapatikana hapa hapa. Samaki, kamba na dagaa havipandishi sukari. Mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kunde, choroko, vyote karibu. Kinachopandisha ni wingi wa ugali, wali, mihogo na chapati kwenye sahani, pamoja na vile tunavyovinywa bila kuvihesabu: chai ya vijiko vinne, soda, juisi ya miwa, uji uliotiwa sukari.

Hatusemi mama aache ugali. Apunguze tonge, aongeze mboga na samaki, na agawe chakula mara nyingi ndogo badala ya milo miwili mikubwa. Kwa kuwa sukari yake hupanda mchana, mlo wa mchana ndio wa kuangaliwa zaidi, na baada ya kula atembee kidogo, kivulini au jua likipungua, akiwa amejifunika. Wakwe na mashangazi wanaomsukumia sahani ya pili kwa kuwa anakula kwa ajili ya wawili wana nia njema. Waelezwe kwa upole kwamba mtoto mkubwa kupita kiasi si lazima awe mtoto mwenye afya.

Mwezi wa Ramadhani una uzito wake. Mgonjwa na mjamzito wana ruhusa katika dini, na anayetamani kufunga azungumze na daktari wake kabla mwezi haujaandama. Kumeza prednisoloni wakati wa daku badala ya saa mbili asubuhi hubadilisha saa za sukari kupanda, na futari ya tende, tambi na uji wa sukari kwa pamoja ni mzigo mkubwa kwa kongosho lililochoka. Anayetumia insulini anaweza pia kushukiwa na sukari akiwa na njaa: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Huyo anatakiwa kupewa maji ya sukari papo hapo.

Chakula na kutembea visipotosha, daktari ataongeza metfomini au insulini. Insulini haipiti kondo la nyuma kwenda kwa mtoto, kwa hiyo isiogopwe. Ugumu wake kwetu ni joto. Chupa unayoitumia inaweza kukaa nje ya friji kwa muda wa kama wiki nne, lakini si kwenye bati la jua wala mfukoni mwa dereva. Pasipo umeme, tumia vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowana, juu kitambaa chenye maji, kivulini penye upepo. Usiiweke kwenye friza ya muuza soda. Insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Kinachoweza kutokea, na wakati wa kukimbia

Sukari ikiachwa juu, mtoto anaweza kukua kuvuka kilo 4, mabega yakakwama wakati wa kuzaliwa, au sukari yake ikaanguka saa chache baada ya kuzaliwa. Anaweza pia kufia tumboni. Lupasi nayo ina mwelekeo wa kinyume, huweza kumfanya mtoto awe mdogo na kuzaliwa kabla ya wakati. Viwili hivi vikikutana katika tumbo moja vinaweza kufichana, kimo cha tumbo kikaonekana cha kawaida. Ndiyo sababu mama huyu anahitaji picha za ultrasaundi zaidi ya wenzake, na ajifungulie hospitali yenye upasuaji na huduma ya watoto wachanga. Bagamoyo, Tumbi pale Kibaha, au Muhimbili: aliyempa rufaa ndiye atakayejua ipi inamfaa. Muulize pia kuhusu aspirini ya kiasi kidogo, ambayo huanzishwa kama wiki ya 12 kwa wanawake wenye lupasi kupunguza hatari ya kifafa cha mimba.

Barabara yetu mnaijua. Kutoka Saadani kupita Mkange na Miono mpaka lami ya Mandera ni safari ndefu hata kiangazi, na masika yakikolea hakuna anayeweza kuahidi saa ya kufika. Mama huyu asisubiri uchungu umkute kijijini. Wiki za mwisho ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali, na mipango hiyo ianze mapema, pamoja na mume na nauli.

Ikitokea kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, maumivu chini ya kifua, uso na mikono kuvimba ghafla, mtoto kupunguza kucheza, homa, au kiu isiyokatika na kukojoa kila mara, usilale nayo. Piga 115, ni bure. Ndiyo namba ya usafiri wa dharura wa m-mama kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mtoa huduma atatafuta gari la wagonjwa au dereva wa karibu aliyesajiliwa.

Baada ya kujifungua sukari mara nyingi hurudi chini kondo la nyuma likishatoka. Dawa za sukari hupunguzwa au kusimamishwa na daktari, lakini prednisoloni inaendelea, na kunyonyesha kunaendelea, maana inayoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Siku ya 42 mama anaporudi na mtoto kliniki, aombe sukari yake ipimwe tena, kisha iwe kila mwaka, kwa kuwa aliyewahi kupata kisukari cha ujauzito yuko karibu zaidi na kisukari cha kudumu. Siku hiyo hiyo azungumze kuhusu uzazi wa mpango, akitaja lupasi kabla ya kupewa vidonge vya majira, kwa sababu baadhi yake huongeza hatari ya damu kuganda kwa wagonjwa wa lupasi. Mimba nyingine isubiri mpaka ugonjwa uwe umetulia kwa miezi 6 mfululizo, na dawa ziwe zimepitiwa moja moja.